Si Kitu, kwa Maneno Mawili

Jumatatu, 3 Juni

Kwako Shajara,

Salamu na heshima.

YAH: KUOKOA JINA LA MAREHEMU MAMA YANGU LISIFUTIKE DUNIANI

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi, mwandishi wa barua za maombi, rufaa, malalamiko na rambirambi, mwenye meza na mashine ya chapa kwenye baraza linalotazamana na Ofisi ya Usajili wa Vizazi, ninafungua kurasa hizi kwa nia moja tu: kuweka kumbukumbu sahihi ya jitihada zangu za kumpa mjukuu wangu jina la mama yangu. Jina hilo ni Sikitu.

Maelezo ni kama ifuatavyo. Mjukuu ana wiki tatu. Wa kike. Wa kwanza. Paji la uso ni la mama yangu, halina ubishi. Jana tuliketi kikao cha familia sebuleni, na binti yangu pamoja na mume wake wakatangaza jina walilolichagua. Sitaliandika humu. Lina herufi X na herufi Q ndani ya jina moja! Niliomba litamkwe mara tatu. Mara ya tatu nilidhani mkwe wangu anapiga chafya.

Nikasimama. Nikatoa hoja kwamba tangu mama atutoke, miaka kumi na mmoja sasa, hakuna hata mtu mmoja katika ukoo wetu anayelibeba jina lake. Binti yangu akauliza kama kweli nataka mwanawe aende shule akiitwa si chochote. Mwalimu akiuliza nani kavunja dirisha, darasa zima litajibu "Si kitu!", na mtoto atachapwa kwa kosa la upepo. Mkwe wangu akainama kufunga kamba za viatu. Alikuwa amevaa ndala.

Mke wangu akafunga mjadala. Akasema, "Baba watoto, wewe ulipewa wako ukawapa majina. Waache nao wampe wa kwao." Kikao kikavunjika bila kuandikiwa muhtasari. Aibu.

Ifahamike kwamba jambo hili lina muda maalumu. Mkwe wangu ni fundi wa majokofu. Amepata kazi katika ghala la baridi, mji wa mbali, na anatakiwa kuondoka Ijumaa ya wiki ijayo. Mwajiri anatoa nyumba na matibabu ya familia, ila anadai cheti cha kuzaliwa cha mtoto. Bila cheti, fundi ataondoka peke yake, na mke na mtoto watabaki wakisubiri. Kwa hiyo fomu lazima ijazwe wiki hii.

Na nani ameombwa aijaze, kwa sababu ya mwandiko wake na lugha yake iliyonyooka? Mimi.

Sisemi zaidi.

Jumanne, 4 Juni

Mpango usio na ushahidi ni porojo. Nimevuka barabara saa mbili kamili asubuhi, nikamwomba Karani wa Usajili aniruhusu kupekua madaftari ya zamani. Karani ni mama wa makamo, mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni na kalamu mbili zilizochomekwa nyweleni. Huwa ananiita Mzee, ingawa amenizidi mvi. Akaniruhusu kwa sharti kwamba nisilambe kidole ninapofunua kurasa.

Matokeo ya utafiti. Katika daftari kongwe kabisa, ambalo mende wamekula pembe zake zote nne, nimewakuta akina Sikitu kumi na tisa. Kumi na tisa! Wamejipanga kati ya akina Tabu, akina Mashaka na akina Siwatu. Daftari la pili: saba. La tatu: wawili. La nne: mmoja, naye jina lake limekatwa kwa wino mwekundu na kuandikwa jingine juu yake. Baada ya hapo, miaka ishirini na minane, hakuna. Nimefunua mpaka vidole vikageuka rangi ya vumbi. Hakuna.

Nini kimewapata hawa watu? Nadharia yangu: uvivu na kuiga. Jina hili ni la unyenyekevu, kama anayesema "Mimi si kitu mbele yenu." Nina hakika lilitungwa na watu waliofikiri sana. Limeuawa na wasiofikiri.

Mfano wa wasiofikiri upo mita mbili kutoka meza yangu. Ni Bwana Fotokopi, mwenye mashine ya kunakili. Amebandika ukutani kwake orodha ndefu yenye kichwa "Majina ya Kisasa na Maana Zake", na wazazi husimama pale vinywa wazi kama wanaochagua kitambaa. Leo amenisikia nikimweleza mteja habari ya mama yangu. Akaropoka mbele ya watu, "Bwana Yah, jina ni kama kiatu! Wewe umevaa cha bibi yako?" Watu wakacheka. Hilo la "Bwana Yah" ni jina alilonipachika yeye, kwa dharau, kwa kuwa barua zangu zote zina kichwa cha habari kama inavyostahili.

Jibu la kumkata maini lilinijia nilipokwisha fika nyumbani. Nimelihifadhi.

Niongeze jambo moja, lisipotee. Nilipokuwa mdogo, jirani akija kumshukuru jirani mwenzake uani, na yule akajibu "Si kitu," mama alikuwa anaitika kutoka jikoni, "Abee!" Kila mara. Uani kote walikuwa wanavunjika mbavu. Hakuwahi kuacha, hata alipokuwa amelala kitandani miezi ile ya mwisho. Muuguzi alimwambia dada yangu si kitu, mama akafumbua macho akaitika.

Jumatano, 5 Juni

Fomu imejazwa!

Niliitia katika mashine saa tatu asubuhi, karatasi ya kaboni chini yake. Jina la baba, sawa. Jina la mama, sawa. Mahali pa kuzaliwa, sawa. Nilipofika kwenye kisanduku cha Jina la Mtoto, vidole vikasita. Si kwa woga. Kwa sarufi.

Madaftari yote ya jana yameandika Sikitu, neno moja. Lakini walioyaandika madaftari hayo ni makarani wa zamani ambao, kwa heshima zote, hawakujifunza lugha. Mimi nimejifunza, peke yangu, kwa kamusi isiyo na jalada. "Si" ni kikanushi. "Kitu" ni nomino. Kuviunganisha ni sawa na kuwafunga mbuzi na kuku kamba moja. Mama yangu hakujua kusoma, na maisha yake yote jina lake liliandikwa na watu wasiojali. Angalau safari hii liandikwe na anayejua. Nikachapa, kwa nafasi iliyopimwa: Si Kitu.

Likapendeza mno. Nililitazama kwa muda.

Mkwe wangu alikuja kutia saini akiwa na mikono yenye grisi, akaifuta kwenye suruali kwanza ili asichafue karatasi. Nilimfunikia sehemu ya juu kwa rula, nikijifanya namwonyesha mstari wa kutia saini. Hakuhitaji kufunikiwa. Alisema, "Baba, wewe ukiandika, mimi nisome nini tena?" Akatia saini, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akaondoka.

Kijana ana adabu. Nikabaki nimeishika rula.

Fomu nimeikabidhi kwa Karani mwenyewe. Cheti Ijumaa.

Alhamisi, 6 Juni

Nimeandaa hotuba ya kukabidhi cheti. Kurasa nne. Inaanza na "Ndugu wanafamilia" na kumalizia na machozi ya binti yangu, ambayo nimeyakadiria.

Nimeifanyia mazoezi mbele ya kioo. Mke wangu akapita na ndoo, akaniuliza nazungumza na nani. Nikamjibu kwamba nazungumza na kizazi kijacho. Akasema kizazi kijacho kimejisaidia, na nepi ziko kwenye beseni.

Ijumaa, 7 Juni

Ole wangu.

Cheti kimetoka. Karatasi nzito, mhuri wa kijani, saini ya Msajili. Jina la baba, sahihi. Jina la mama, sahihi. Jina la mtoto: kistari.

Kistari! Kamstari kadogo, kalikolala, kama mdudu aliyekufa.

Nikarudi dirishani mbio. Nikamwambia Karani kwamba kuna kosa la uchapaji. Akavaa miwani, akatoa fomu yangu, akaigeuza inielekee. "Mzee, hapa umeandika nini?" Nikasoma. "Haya. Jina la mtoto, si kitu. Nami nikaelewa, hana. Sasa kosa liko wapi?"

Nikamweleza habari ya kikanushi na nomino. Akanisikiliza kwa subira, kisha akaniambia kwamba mwezi uliopita kuna baba aliandika "Tutajua baadaye", mashine ikachapa hivyo hivyo, na yeye akapewa barua ya onyo. Tangu siku hiyo, kisanduku kikijazwa maneno badala ya jina, anaweka kistari. Kanuni inaruhusu mtoto aandikishwe bila jina. Akasema kwa upole kabisa kwamba kama ningeandika neno moja, angejua ni jina. Bibi yake mwenyewe alikuwa Sikitu.

Neno moja! Niliondoka bila kuaga, jambo ambalo sijapata kulifanya ofisini.

Cheti kipo chini ya karatasi za kaboni, kwenye sanduku la mashine. Nyumbani nimesema kiko katika hatua za mwisho. Mkwe wangu akanishukuru. Mke wangu aliniangalia kwa muda mrefu kuliko kawaida.

Jumamosi, 8 Juni

Nimepiga moyo konde. Nimepata suluhisho.

Kistari ni kifupi. Mashine yangu ina herufi nzito. Ingewezekana, kwa mkono mtulivu, kuchapa jina juu ya kistari na kukimeza kabisa. Hata hivyo mtu mwangalifu hajaribii juu ya cheti halisi. Hujaribu kwenye nakala. Na nakala, kwa bahati mbaya, hutolewa na mtu mmoja tu katika baraza lile.

Nilimwambia Bwana Fotokopi kwamba ni waraka wa siri wa mteja, na kwamba anakili huku akitazama pembeni. Akakubali. Akatazama pembeni. Na huko pembeni kuna kioo cha kinyozi.

Nikachapa juu ya nakala. Si Kitu. Kistari hakikumezwa. Kilipita katikati ya jina lote, moja kwa moja. Mtu angeapa kwamba jina limeandikwa, kisha likakatwa.

Nililitazama lile. Nikamkumbuka yule Sikitu wa daftari la nne na wino wake mwekundu. Sikuwa na nguvu ya kujaribu tena. Mama yangu, amepigwa mstari, na mkono uliompiga ni wangu.

Nimeichana nakala vipande kumi na sita.

Jumapili, 9 Juni

Nimekwenda kwa dada yangu mkubwa kutafuta uimara wa hoja. Dada ni mshonaji. Yumo katika chumba kile kile cha mbele, nyuma ya cherehani ile ile, na mashuka yamejaa mpaka dirishani. Nilimweleza kwamba nahitaji asili na maana ya jina la mama, kwa ajili ya rufaa. Sikumweleza habari ya kistari. Akaniambia nimshikie shuka pembe ya pili, asipoteze pindo.

Akaniuliza mimi najua nini. Nikamweleza nadharia yangu ya unyenyekevu na watu waliofikiri sana. Akacheka mpaka akasimamisha cherehani.

Kisha akanieleza, mimi nimeshika pembe ya shuka. Ninayaandika kama nilivyoyasikia.

Bibi yetu, mzaa mama, alizaa watoto sita kabla ya mama. Wote sita walikufa wadogo. Mmoja alifikisha miezi tisa, akaanza kutambaa. Huyo ndiye bibi hakuweza kumtaja hata uzeeni. Mama alipozaliwa, wa saba, bibi alikuwa hataki tena mtu wala kifo kisikie. Jirani akapita akauliza mlangoni, "Umepata nini?" Bibi akajibu, mtoto yuko chini ya kanga kifuani, "Si kitu." Kesho yake jirani mwingine. Si kitu. Wiki nzima, mwezi mzima, kila anayeuliza, si kitu, hapa hapana kitu, pita. Mtoto akaishi. Jina likawa hilo.

Nikauliza vipi wale kumi na tisa wa daftari kongwe. Dada akasema basi ujue kila mmoja ana makaburi nyuma yake. Tabu, Mashaka, Siwatu, wote ni milango iliyofungwa ili mgeni asijue ndani kuna nani. Akasema majina yale hayakupotea kwa uvivu. Ilikuja zahanati, zikaja sindano za watoto, wakunga wakafundishwa kunawa mikono. Watoto wakaanza kuishi. Nani tena awafiche?

Shuka lilikuwa limekwisha. Niliendelea kulishika.

Akasema, "Na mama hakulipenda, kama hujui. Aliitika tu kwa utani, ili lisimchome." Siku niliyozaliwa mimi, dada alikuwepo, ana miaka tisa. Jirani akapita akauliza mama kapata nini. Mama akaamka kitandani, damu bado, akafungua mlango wote, akapaza sauti mpaka mtaa wa pili: "Mtoto wa kiume! Mzima! Huyu hapa, njooni mumwone!" Hakutaka kumficha mtu tena.

"Kwa hiyo, mdogo wangu," akasema, "usiumie jina likikosa mtu. Lilikuwa na kazi, kazi imekwisha. Liache lipumzike."

Nilimwomba nikanawe uso. Nilikaa huko nje kwenye ndoo kwa kitambo.

Simulizi lenye uzito usio wa kawaida. Nitaliweka kwenye rufaa kama Kiambatisho B.

Jumatatu, 10 Juni

Yamemwagika.

Saa sita mchana mkwe wangu alipita barazani kuniletea chakula, kama binti yangu anavyomwagiza. Bwana Fotokopi akamwita kwa sauti ya tarumbeta: "Baba Kistari! Hajambo Kistari? Jina zuri, la kisasa, hata orodha yangu haina!" Mkwe wangu hakuelewa. Akafafanuliwa. Alipoelewa, aliweka bakuli mezani kwangu polepole, akaliweka sawa, na kunitazama. Hakupaza sauti. Aliuliza tu cheti kiko wapi. Nikatoa kutoka chini ya karatasi za kaboni.

Alisoma na nakala yangu ya kaboni ya fomu. Ile aliyosema hana haja ya kuisoma.

Hata Fotokopi alijitia kupanga karatasi ambazo zilikuwa zimepangwa.

Tulivuka barabara, na Karani alimweleza mkwe wangu kwamba kosa linarekebishika: baba na mama wa mtoto wafike wote wawili, watie saini mbele yake, kabla ya Alhamisi saa sita, kwa kuwa Msajili hutia saini siku hiyo tu. Akasisitiza: baba na mama. Babu hatambuliwi na kanuni.

Nyumbani binti yangu alikuwa anamwogesha mtoto. Hakugeuka. Akasema, "Baba, bibi nami nilimpenda. Lakini umekwenda kwenye daftari la serikali ukaandika kwamba mwanangu hayupo." Kisha akaendelea kummwagia maji mgongoni, kwa kiganja, kidogo kidogo.

Nilikuwa na majibu. Nilikuwa nayo mfukoni, yamechapwa. Sikuyatoa.

Jumanne, 11 Juni

Hakuna anayenisemesha isipokuwa kwa shughuli. Chumvi. Mlango. Sogea.

Nimeandika barua ya kuomba radhi. YAH: KUTOKEA KWA KASORO KATIKA ZOEZI LA UJAZAJI FOMU. Kurasa tatu. Nimeisoma tena jioni na kugundua kwamba katika kurasa zote tatu kasoro ilitokea yenyewe. Hakuna aliyeitenda.

Nimeiacha ilivyo. Lugha yake ni nzuri.

Jumatano, 12 Juni

Leo niliingia chumbani kwa binti yangu saa nne asubuhi. Alikuwa anakunja nguo za mtoto na kuzipanga sandukuni, soksi ndogo kama vifuniko vya vidole. Mkwe wangu alikuwa anaviringisha bisibisi zake katika kitambaa. Mke wangu alikaa mkekani na mtoto pembeni yake.

Nikatoa barua, nikakohoa, nikaanza, "Husika na kichwa cha habari hapo juu." Binti yangu akanyoosha mkono. Nilidhani anataka kuisoma mwenyewe. Akaikunja mara mbili, akaiweka sandukuni chini ya nepi. Akasema, "Sasa niambie, baba. Bila karatasi."

Bila karatasi! Miaka thelathini na mmoja ya kazi hii sijawahi. Nilisimama. Mikono haikujua ikae wapi. Nilitafuta kifungu cha kuanzia, sikukipata. Nilitafuta cha kumalizia, hakikuwepo pia. Yaliyonitoka ni haya, na nayaandika kwa aibu kwa kuwa hayana mpangilio: "Nimekosa, mwanangu. Nilikosa na nikaficha. Mnaondoka, nyumba inabaki tupu, na mama hayupo popote. Nilitaka abaki mahali."

Bisibisi ziliacha kugongana.

Kwanza alimtazama mume wake, na mume wake akatikisa kichwa kidogo, kwa kukubali. Kisha akaniangalia mimi. Macho yalikuwa yamejaa, lakini alikuwa anatabasamu upande mmoja, kama mama yangu hasa. Akasema taratibu:

"Si kitu, baba."

Na pale mkekani, mtoto akatoa sauti. Si kilio. Ni kama "Aa-bee." Mke wangu anasema ni gesi. Mimi nilikuwepo. Nilitazama saa: saa nne na dakika kumi na saba.

Nilikaa chini mkekani. Binti yangu akamwinua mtoto, akanipa mikononi.

Ijumaa, 14 Juni

Wameondoka saa mbili asubuhi. Jana baba na mama walitia saini mbele ya Karani, na cheti kikatoka mchana huo huo kikiwa na lile jina, X yake na Q yake, bila kosa hata moja. Fotokopi alinakili cheti hicho bila kuropoka lolote, na karatasi ya kwanza iliyotoka na doa aliitupa bila kuombwa. Asubuhi hii mkwe wangu alinishika tena mkono kwa mikono yake miwili. Binti yangu alishusha kioo cha gari akasema wakifika tu watapiga simu, na nisiandike lolote kabla hawajapiga.

Hawajafika bado. Kwa hiyo muda upo.

Nyumba ina mwangwi. Mke wangu ameanua nepi ya mwisho kwenye kamba, ilisahauliwa. Ameikunja na kuiweka kabatini. Mimi nimekwenda mezani kwangu, nimetia karatasi mpya na kaboni chini yake. Nakala ninaihifadhi humu.

Kwa Msajili wa Vizazi,

Salamu na heshima.

YAH: OMBI LA KUONGEZA JINA LA PILI KATIKA CHETI CHA MJUKUU WANGU

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni babu wa mtoto aliyetajwa katika Kiambatisho A. Ninafahamu kwamba kanuni hainitambui. Naomba kueleza kwamba siku ya Jumatano, tarehe 12 Juni, mama mzazi wa mtoto, akiwa na akili timamu, hakushurutishwa na mtu yeyote, alilitamka jina ninaloliomba kwa kinywa chake mwenyewe, mbele yangu, mbele ya mume wake na mbele ya mama yake. Vilevile mtoto mwenyewe, saa nne na dakika kumi na saba, aliitika.

Asili na maana ya jina hilo zimo katika Kiambatisho B. Yeyote atakayekisoma ataona kwamba mwenye jina hilo wa kwanza katika ukoo wetu alifichwa ili aishi, naye akaishi, na bila yeye kuishi mimi nisingekuwepo kukuandikia. Sioni ubaya wa kumtaja sasa mlango ukiwa wazi.

Ili kuepusha utata uliojitokeza awali, nimeliandika jina kwa uangalifu mkubwa, kwa maneno mawili, kama sarufi inavyotaka: Si Kitu.

Naomba uamuzi wako.